Simbilisi wa binti yangu mguu hauendi, nijenge banda la namna gani?

BARUA

Kamwene mama, shikamoo. Mi ni baba wa watoto wawili naishi huku Mafinga, kazi yangu fundi wa kupaua nyumba, kwaiyo mbao na misumari sio shida kwangu kabisa, shida yangu ni viumbe ambao sijawahi kufuga maisha yangu yote na sasa vinataka kunivunjia heshima kwa mwanangu.

Iko hivi. Mwezi wa 12 mwishoni mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Njombe, kwenye kapu kambebea binti yangu mkubwa simbilisi wawili, wale wanyama wadogo wanaoitwa guinea pig, dume na jike. Binti ana miaka 9. Jike akaitwa Kashata sababu ya rangi yake, dume akaitwa Dogo. Tangu siku hiyo mtoto akirudi shule hata sare havui, anakimbilia kwa simbilisi wake kwanza.

Mwanzo walikua wanaishi jikoni, jiko letu ni la nje la kuni, wanazurura chini wanalala nyuma ya mzigo wa kuni basi. Mwezi wa 3 mwanzoni Kashata akazaa watatu. Hapo mke wangu akasema imetosha, mavi kila kona na mfuko wa unga umeshatobolewa, tena moshi ule hata mtoto anakohoa akikaa nao mule. Mi nikaona sawa, katikati ya mwezi wa 4 nikawatengenezea boksi la mbao, urefu futi 3 upana futi moja na nusu, nusu ya sakafu nikaweka waya mesh ili mavi yadondoke chini, nusu nyingine ya kulala nikajaza vumbi la mbao nalochukua bure kwa wapasua mbao likiwa bado bichi kabisa lina harufu nzuri. Boksi likakaa stoo. Kuhusu chakula mtu mmoja hapa mtaani aliniambia majani mabichi yatawaharisha wafe, kwaiyo nikawa nawapa pumba za mahindi na nyasi kavu, maji yapo muda wote.

Mwezi wa 5 katikati Kashata kazaa tena watatu, mmoja akafa baada ya wiki. Sasa hivi wamebaki saba na hali sio nzuri. Wanapiga chafya usiku kucha, wawili macho yana utongo. Kashata ndo ananiumiza, ana kama wiki anaburuza miguu ya nyuma, magoti yamejaa, juzi nimemwinua akalia kilio ambacho sijawahi kusikia, binti akaanza kulia na yeye. Manyoya yamekua magumu kama brashi. Pumba anaisogelea ananusa anaacha.

Ushauri ninao mwingi mpaka nachanganyikiwa. Mama mkwe anasema rudisha jikoni, simbilisi ni mnyama wa jikoni. Mke wangu hataki kusikia. Jirani ananiambia nimpe amoksilini ya watu nusu kidonge kwenye maji, nimeshanunua ila roho inasita. Jirani mwingine ana banda zuri la sungura lenye nafasi, anasema niwaweke humo na sungura wake wawili. Mashemeji nao wanasema hao ni kitoweo, wachinjwe kabla hawajakonda, hilo binti alilisikia akalala bila kula.

Mama naomba uniambie ukweli. Nijenge banda la namna gani, nianze na nini, na huyu Kashata atapona? Mtoto ananiuliza kila siku na sina jibu.

Baba wa Mafinga


JIBU

Marahaba mwanangu, kamwene sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla ya banda tuanze na Kashata maana yeye hawezi kusubiri misumari.

Kwanza ile amoksilini weka mbali, usimpe hata punje. Dawa za jamii ya penisilini zinaua simbilisi. Tumboni mwake kuna vijidudu vizuri vinavyomsaidia kusaga majani, dawa ile inavifagia, vinabaki vibaya vinavyotoa sumu, na mnyama anakufa kwa kuhara ndani ya siku chache huku we unadhani ni ugonjwa ule ule umemzidi. Jirani yako hana nia mbaya, kwa binadamu ni dawa nzuri tu, ila kwa huyu mnyama hapana kabisa. Roho yako ilisita vizuri.

Sasa ugonjwa wenyewe. Magoti kujaa, kuburuza miguu, kulia akishikwa, manyoya kuwa magumu, kunusa chakula na kukiacha, vyote hivo ukiviweka pamoja na pumba za miezi miwili bila jani bichi, mi naona upungufu wa vitamini C. Simbilisi ni kama sisi binadamu, mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C, lazima aipate kwenye chakula kila siku. Mbuzi anajitengenezea, kuku pia, sungura pia, simbilisi hawezi. Akikosa wiki mbili tatu viungo vinaanza kuvuja damu kwa ndani na fizi zinauma, ndo maana anaisogelea pumba halafu anaiacha, njaa anayo ila kutafuna ni maumivu. Na Kashata kaumia kuliko wengine kwa sababu ndani ya kipindi hicho hicho alikua na mimba na akanyonyesha, watoto walichukua kile kidogo alichokua nacho.

Leo hii nenda sokoni. Nunua pilipili hoho na sukuma wiki, ukikuta mapera ni bora zaidi maana pera lina vitamini C nyingi mno, kipande cha ukubwa wa kidole gumba chako kinamtosha mnyama mmoja mzima kwa siku. Kwa Kashata pita duka la dawa uchukue vidonge vya vitamini C, yeye kwa hali yake anahitaji kama miligramu 30 hadi 50 kwa siku, kwaiyo kidonge cha miligramu 100 unagawa nusu au chini kidogo, unasaga, unachanganya na maji kijiko kimoja, unampa pole pole pembeni ya mdomo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Usiweke kwenye maji yake ya kunywa, vitamini C ikikaa kwenye maji na mwanga inaharibika upesi, utaona umempa kumbe hujampa. Kama ni upungufu huo tu, ndani ya wiki moja hivi utamwona anaanza kusimama na kula mwenyewe. Ila akikataa kula kabisa kwa siku nzima, au akianza kupumua kwa tabu, usikae nae, mpeleke kwa daktari wa mifugo, huyu mnyama tumbo lake likisimama siku moja tu hali inageuka mbaya. Na wale wenye utongo na chafya mwonyeshe daktari huyo huyo, wakihitaji dawa yeye atachagua ile ambayo simbilisi anaivumilia.

Hilo la majani mabichi kuharisha lina ukweli nusu. Mnyama aliyezoea kavu ukimmwagia majani mabichi kapu zima siku moja ataharisha ndio. Anza na jani moja moja asubuhi na jioni, kila siku ongeza kidogo, baada ya wiki wanakula ya kushiba. Yawe yameoshwa na kukaushwa maji, na usichume kando ya barabara kuu kwenye vumbi na moshi wa malori, wala pembeni ya mashamba ya nyanya na viazi yanayopigwa dawa.

Sasa mwanangu nikwambie jambo ambalo ndo lilinifanya niisome barua yako mara mbili. Mama mkwe wako yuko sahihi kuliko wote waliokushauri, ila sio kwa sababu anayoitoa.

Mi nimekulia kwenye jiko lenye simbilisi. Bibi yangu alikua na kumi na kitu, hakuwahi kujenga banda, hakuwahi kununua dawa. Asubuhi baridi imekaza yeye anachambua mboga, kisu kikigusa tu ungo, nyuma ya kuni wanaanza kupiga miluzi, wii wii wii, kimoja kinatoa pua, kinarudi, kinatoa tena, halafu wote wanatoka mbio kama wameitwa majina, wanagombea vikonyo vya mboga na maganda miguuni pake. Tulikua tunaona bibi ana mkono wa baraka. Leo nikikumbuka naona jiko lile lilikua linawapa vitu vinne bila mtu yeyote kupanga. Liliwapa ukavu, maana karibu na mafiga hakuna unyevu. Liliwapa joto la usiku. Liliwapa eneo kubwa la kukimbia, chumba kizima. Na liliwapa majani mabichi kila siku iendayo kwa Mungu, mabaki ya mboga. Hata kule walikotoka, milima ya Andes huko Peru na Bolivia, watu wa vijijini waliwafuga jikoni miaka na miaka na wengine mpaka leo wanafanya hivo hivo. Baridi ya kwao na ya kwetu huku Nyanda za Juu zinafanana, na akina bibi wakafikia jawabu moja.

We ulipowatoa jikoni ulikua na sababu nzuri, moshi wa kuni unaharibu mapafu yao na ya mtoto pia, mke wako ana haki na asirudi nyuma kwenye hilo. Ila ulivyowahamishia stoo vile vinne vyote vilibaki jikoni. Kwaiyo banda utakalojenga kazi yake ni moja, kuwarudishia vile vinne bila moshi. Kila ukipiga msumari jiulize huu unaleta kipi.

Anza kwa kutoa lile vumbi la mbao, leo hii hii kabla hujalala. Najua Mafinga linapatikana bure na harufu ya paini mbichi ni tamu kwa sisi, ila ile harufu ndo utomvu wenyewe, inawasha pua na mapafu ya simbilisi, na lile vumbi laini linaingia machoni na puani wakilala maana uso wao uko chini kabisa. Chafya za usiku mi naanza kuzitafuta hapo kabla sijatafuta ugonjwa. Saiprasi ni hivo hivo. Badala yake tandika nyasi zilizokauka vizuri, nene, zaidi ya shibiri moja, wazifukue waingie ndani yake, na hizo hizo wanazila, sio hasara. Chini ya nyasi unaweza kuweka blanketi la mtumba lililofuliwa, linanyonya mkojo. Ukitaka maranda lazima yawe ya kwa seremala anayeranda mbao zilizokauka, yale mapana, uyachekeche vumbi na kuyaanika jua siku kadhaa. Binafsi naona nyasi tu zinatosha.

Halafu ile waya mesh ya sakafuni. Nakuelewa ulifikiria kuku wa mayai. Simbilisi nyayo zake ni laini hazina manyoya, waya unamkata, vidonda vinaingia uchafu, mguu unavimba na hauponi kirahisi. Geuza wote uangalie nyayo moja moja, ukikuta wekundu au gamba safisha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu na hakikisha kuanzia hapo wanakanyaga pakavu. Waya tumia ubavuni na juu. Chini iwe mbao imeziba.

Na kwa kuwa we ni fundi hili utalielewa haraka, usitumie mbao za dawa, zile zenye ukijani tunazopaulia. Simbilisi meno yake hayaachi kukua, anatafuna kila kitu ili kuyapunguza, na dawa ile ya mbao ina shaba, kromu na aseniki. Tumia mbao ambazo hazijapigwa dawa na zimekauka, na mabanzi kwa ubavu wa nje kukata upepo, mabanzi huko kwenu hata bei hayana.

Ukubwa. Boksi la futi 3 kwa moja na nusu halimtoshi hata mmoja vizuri, we una saba. Hawa hawapandi, hawaruki, wao ni kukimbia, kwaiyo usijenge ghorofa jenga uwanja. Kwa majike wanne watano fanya urefu futi 7 upana futi 3, ubavu futi moja na nusu, na upande wa pili utenge chumba cha madume chenye angalau futi 4 kwa 2. Nitakwambia kwanini madume wanatengwa. Liinue kutoka ardhini futi 2 hivi, unyevu wa chini usiwafikie na mtoto asafishe bila kupiga magoti. Kila mguu wa banda uukalishe kwenye kopo lenye oili chafu. Hii usiiruke. Siafu wakipita usiku msimu wa mvua wanamaliza banda zima, asubuhi unakuta mifupa, na mtoto ndo wa kwanza kufungua. Mfuniko uwe wa waya mesh na komeo la kweli, sio kamba, maana paka na kicheche kamba wanaijua.

Paa la bati lina shida mbili, mchana linachoma, alfajiri linatoa jasho linadondokea matandiko. Piga dari ya mabanzi au weka nyasi chini ya bati. Mgongo wa banda uupe kusini mashariki, huko ndo upepo wa baridi unakotokea miezi hii ya kipupwe, na mdomo uangalie kaskazini upate jua, maana Juni jua letu linapita upande huo. Uliweke ubavuni mwa nyumba, ikiwezekana kwenye ukuta ule ule wa jiko kwa nje. Hapo wanapata joto la ukuta na moshi hauwafikii, na mama mkwe akija ataona bado wako jikoni kwa namna fulani.

Kuhusu baridi, simbilisi anajisikia vizuri kati ya nyuzi 17 na 24, na Mafinga mwezi wa 6 na wa 7 usiku unashuka chini ya nyuzi 10. Wakiwa wakavu, wengi pamoja na wana mahali pa kujibana wanavumilia. Watengenezee nyumba ndogo ndani ya banda, boksi lisilo na sakafu lenye milango miwili, miwili sio mmoja, ili anayefukuzwa asikwame kwenye kona, ijaze nyasi mpaka juu. Jioni shusha gunia mbele ya waya, acha upenyo juu wa hewa kupita. Usiku wa baridi kali weka chupa ya maji ya moto umeivisha soksi nene, wanaizunguka. Jiko la mkaa hapana, sio kwao wala kwenye chumba chochote anacholala mtu, ile hewa yake inaua kimya kimya.

La sungura jibu ni hapana, na mshukuru jirani kwa moyo wake. Sungura anaweza kubeba vijidudu vya mapafu yeye mwenyewe asiumwe, simbilisi akivipata anapata nimonia. Tena teke moja la sungura linavunja mgongo wa simbilisi. Na sungura hahitaji kupewa vitamini C kama huyu, chakula chao kinatofautiana.

Sasa hesabu ya uzazi, hapa ndo nataka uwahi. Mimba ya simbilisi inakaa kama siku 59 hadi 72, na jike akishazaa dume anaweza kumpandisha siku ile ile. Angalia tarehe zako, mwezi wa 3 mwanzoni na mwezi wa 5 katikati, ni mimba mbili zimefuatana bila hata siku ya kupumzika, na kama Dogo bado yuko nae basi huenda Kashata sasa hivi ana ya tatu, na miguu yake ile. Wale watoto majike wa mwezi wa 3 nao inawezekana wameshapata kwa baba yao, maana jike anaanza kushika mimba akiwa na wiki 4 hadi 6. Wale wa mwezi wa 5 wameshatimiza wiki tatu, ndo umri wa kutenga vidume. Kwaiyo hata kama banda halijaisha, leo tafuta boksi la pili. Mgeuze kila mmoja taratibu, bonyeza kidogo juu ya uke au uume, jike utaona umbo kama herufi Y, dume kuna kidoti na kinachochomoza juu yake kama herufi i. Dogo akae na wanawe vidume, baba na watoto wadogo wanaelewana kama hawasikii harufu ya majike karibu, na wakianza kung'atana mpaka damu watenge wawili wawili. Mmoja peke yake asikae, simbilisi akiwa peke yake ananyong'onyea, huyu ni mnyama wa kundi.

Kuna jambo moja watu wengi hawalijui. Jike ambaye hajawahi kuzaa mpaka akapita miezi 6 au 7 usimpandishe tena, mifupa ya nyonga inakua imeshafungana na kuzaa kunaweza kumuua. Kwaiyo ukishawatenga iwe umewatenga moja kwa moja, sio mwakani mtu aseme tujaribu tu.

Chakula sitarefusha. Nyasi ndo chakula chenyewe, mbichi na kavu, ziwepo usiku na mchana maana ndo zinamaliza meno. Pumba punguza ibaki kiganja kimoja kwa wote au uache kabisa, na chakula cha kuku usiwape. Juu ya nyasi kila siku hoho, sukuma wiki, majani ya karoti, kishona nguo kikiwa kichanga, maganda mabichi ya mahindi na ndevu zake, mchicha mara moja moja. Sumu kwao ni hizi na zote ziko kwenye mashamba yetu huku, majani ya viazi mviringo na kiazi kilichopata ukijani, majani ya nyanya, vitunguu, magimbi, kisamvu kibichi, na parachichi, tunda na majani. Hilo la parachichi mwambie binti vizuri maana siku hizi miti iko kila ua na mtoto anaweza kumkatia kipenzi chake kwa upendo tu. Maji yabadilishe kila siku, kwenye bakuli zito la udongo wasilipindue.

Limebaki la binti na mashemeji. Huku kwetu simbilisi analiwa, hakuna wa kumlaumu mtu kwa hilo, na mama mkwe pengine kwa mawazo yake alileta mbegu ya kitoweo. Ila alimpa mtoto mkononi, mtoto akawapa majina, na we baba mtu ukanyamaza. Kwa mtoto wa miaka 9 ile ni ahadi. Mi ningekua we ningekaa na mashemeji mezani binti akiwepo, niseme mbele yake hawa hawachinjwi, wakizidi tutawagawa kwa atakayefuga. Halafu ningempa binti kazi ya kweli, sio kuangalia tu. Yeye ndo atampa Kashata vitamini yake kila jioni ukiwa umemshika, mkono mmoja chini ya kifua mwingine chini ya makalio, asimwinue kwa mgongo. Amwandike kwenye daftari, leo kala nini, kasimama au hajasimama. Kila Jumamosi amweke kwenye mzani wa dukani, uzito ukishuka mjue mapema. Akimaliza kuwashika anawe mikono kwa sabuni maana fangasi wa ngozi wanaambukizana.

Umeniuliza kama atapona. Dalili ulizoniandikia zinapona mara nyingi zikiwahiwa, ila kama kweli ana mimba ya tatu mwili wake umechoka sana, anaweza kuzaa watoto wafu au akaondoka yeye. Mwambie binti hivo hivo kwa maneno ya upole, kwamba anaumwa, tumejua kinachomuuma, tunamtibu, na tunaomba. Usimwahidi kwamba atapona. Akipona mtoto atajua alimtibu kwa mikono yake, asipopona atajua baba hakumdanganya.

Na kabla hujalala mpigie mama mkwe. Mwambie umeambiwa alikua sahihi kuhusu jiko, na kwamba unawajengea jiko lao lisilo na moshi. Muulize yeye alikua anawapa majani gani huko Njombe, atakutajia na ya kwao ambayo mi siyajui.

Banda likiisha wahamishe saa sita mchana jua likiwaka, sio jioni, na uchukue nyasi kidogo walizolalia uchanganye na mpya ili wakute harufu yao. Kashata muweke wa kwanza, karibu na bakuli la maji asitembee mbali. Siku mbili tatu watajificha wasitoke kabisa, usiogope. Binti akae pembeni na sukuma wiki yake aivunje vunje wasikie, mpaka wapige mluzi.